Kuku wa Mtoto



Katika vijiji vyetu vya wilaya ya Pangi, vitu ambavyo mtoto anaweza kuviita vyake ni vichache sana. Shamba ni la ukoo. Nyumba ni ya baba. Kinu, chungu na jembe ni vya mama, na hata jembe hilo huulizwa lilinunuliwa na nani siku mama anapokasirika na kurudi kwao. Shati la mtoto litavaliwa mwakani na mdogo wake. Lakini kuku anaweza kuwa wa mtoto. Hupewa na nyanya yake, au hulipwa kwa majuma ya kufukuza ndege katika shamba la mpunga, na tangu siku hiyo hujifunza kusema "wangu" kwa sauti ya mtu mwenye haki. Neno hilo dogo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, kwa kuwa nimeona likitamkwa kwa furaha asubuhi na kufutwa kabla ya jua kutua, bila mtu yeyote kudhani kwamba kosa limetendeka.

Nililelewa katika lupango lenye wanyama wengi kuliko watu, kati ya Pangi na Kalima, ambako msitu huanzia nyuma ya choo. Kuku walikuwa kumi na watano hivi, idadi ikipanda na kushuka kama maji ya Elila. Mbuzi walikuwa watatu, wakifungwa kamba miezi yote ya mazao. Kwa maana mbuzi akiingia katika mihogo ya jirani, habari hufika kwa kapita kabla mbuzi hajamaliza kutafuna. Mama alikuwa na bata wawili na dume lao, lililopenda kuwauma wageni miguuni. Babu alikuwa na mbwa mdogo asiyebweka, aliyefungwa shingoni kengele ya mti siku za kuwinda, ili wenye nyavu wajue yuko upande gani. Shangazi alipotoka Kivu alituletea simbilisi wanne, wakakaa jikoni chini ya uchaga wa kuni, wakipiga kelele kila waliposikia majani yakiburutwa.

Watu wa mji huniuliza: mlikuwa na kuku kumi na watano, na bado mlikula sombe bila nyama? Ndiyo. Kwetu Warega nyama ya chakula, ilipopatikana, ilitoka msituni na mtoni. Wanyama wa lupango walikuwa na kazi nyingine. Mbuzi alikuwa mahari, faini na kilio. Kuku alikuwa chumvi, sabuni, daftari, nauli ya mgonjwa, na zaidi ya yote alikuwa mgeni. Kumla kuku bila sababu lilikuwa jambo la aibu kidogo, kama mtu anayevunja sanduku lake la akiba ili anunue peremende. Ndiyo maana tuliwajua kuku wetu mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia, na kila mmoja alikuwa na mwenyewe, ingawa wote walilala katika kibanda kimoja kilichoinuliwa juu ya nguzo nne.

Kuku wangu wa kwanza alikuwa tembe mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya. Nyanya, mama yake baba, alinipa kwa masharti ambayo kila mwanakijiji anayajua: nimtunze, na vifaranga watakaokua tutagawana nusu kwa nusu, mpaka nusu yake itakapofikia kuku watatu; baada ya hapo mama kuku atakuwa wangu kabisa. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na uzi mwekundu aliomfunga mguuni na maneno aliyoyasema mbele ya mama yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikiwa katika mwaka wa sita wa shule ya msingi, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wakikua sita, watatu wa nyanya, watatu wangu, na hao watatu wakiuzwa kwa wachuuzi wa baiskeli wanaopeleka matenga yao Kalima na Kindu, nitapata sehemu ya ada ya sekondari. Baba hakuwa ameahidi kitu kuhusu sekondari. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wawili mbele yangu.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmezaliwa Kindu mjini na kuku mnamwona akiwa ameshafungwa miguu. Kuku wetu wa kienyeji si mashine ya mayai. Hutaga kumi, kumi na mawili, kumi na matano, kisha huacha kutaga na kuatamia. Huatamia siku 21. Katika siku hizo hula kwa haraka mara moja kwa siku, hunywa, hujisaidia mbali na kiota, hurudi mbio. Na ukimtazama utaona kifua chake kimeng'oka manyoya ili ngozi iguse mayai. Kila siku huyageuza mayai kwa mdomo. Siku ya kumi na nane hivi ukiliweka yai sikioni unasikia kitu kikigusagusa ndani. Nilimwekea wangu kiota cha majani makavu ya migomba ndani ya tenga kuukuu, pembeni mwa jiko.

Adui yake mkubwa si mwewe. Mwewe huchukua kifaranga mmoja, na watoto wakipiga kelele huondoka. Wala si fungo anayekuja usiku, ingawa fungo huua zaidi ya anachoweza kula. Adui ni siafu. Mvua inapokaza, siafu huhama kwa safu pana kama mkanda, na wakiingia katika nyumba ya kuku usiku, kuku aliye huru huruka na kuokoka, lakini anayeatamia hukaa. Hukaa kwa sababu ya mayai. Asubuhi unamkuta amekufa juu yake, macho hayapo. Kwa hiyo kila jioni nilizungushia tenga langu majivu ya moto, na usiku niliposikia mvua niliamka kuweka mengine, kwa sababu majivu yaliyolowa siafu hupita juu yake. Usiku kumi na sita nilifanya hivyo. Sisemi haya ili nisifiwe. Watoto wengi wa Pangi wameyafanya na wanayafanya leo. Nayasema ili mjue kilichomo ndani ya neno "wangu" mtoto anapolitamka. Mna usingizi wake humo.

Siku ya kumi na saba alifika baba mkubwa kutoka upande wa Kampene, kwa miguu, akiwa na mpwa wake. Walikuwa wametembea siku mbili. Baba alifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akifurahi tangu msiba wa babu. Kiti kilitolewa barazani, maji yakaletwa, na baba, bila kugeuka kuniangalia, akawaambia kaka zangu: "Kamateni yule mwekundu." Mwekundu ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote, na ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa, kwa kuwa hakukimbia. Alivimba tu na kulia ile sauti ya kukoroma ambayo kuku anayeatamia huitoa mkono unapomkaribia. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Huyo ana mayai." Baba akajibu kwamba ndugu yake haji kila siku. Na hilo lilikuwa kweli.

Mama hakubishana mbele ya mgeni. Aliyachukua mayai yangu kumi na moja yakiwa bado moto, akayatia chini ya bata wake aliyekuwa akiatamia nyuma ya nyumba. Bata mkubwa akakubali, maana bata hana hesabu. Siku nne baadaye vifaranga wanane walitoka. Lakini bata huatamia majuma matano, na mayai yake mwenyewe yalikuwa bado na siku nyingi. Aliposikia vifaranga wakilia, alidhani kazi yake imekwisha, akainuka, akawaongoza moja kwa moja hadi kwenye dimbwi la maji ya kuoshea vyombo. Wawili walizama mbele ya macho yangu kabla sijawafikia. Mmoja alikufa kwa baridi usiku ule. Bata hakurudi kiotani, na mayai yake tisa yalipoa. Hivyo chakula cha jioni moja kiligharimu kuku mmoja, vifaranga watatu, na mayai tisa ya mama, ambaye hakuwa ameulizwa lolote na hakudai lolote.

Wageni walipewa firigisi na mapaja. Sikula. Hakuna aliyeona kwamba sikula, kwa sababu watoto walikuwa wengi sahanini.

Baada ya majuma matatu nyanya alikuja kutazama mali yake. Nilimwonyesha vifaranga watano na uzi mwekundu niliouokota kwenye majivu. Hakuniambia neno. Alikwenda kuketi barazani, mahali ambapo wanawake hawakuzoea kuketi, akangoja mpaka baba arudi shambani. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, nikasikia yote.

"Mwanangu," alisema, "nilimpa mjukuu wangu kuku. Sikukupa wewe."

"Mama, mgeni alikuwa kaka yangu. Naye ni mwanao."

"Ndiyo sababu simlaumu aliyekula. Namwuliza aliyekamata."

Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema jambo ambalo bado nalisikia kwa watu wazima wengi, waumini wazuri, wenye viti vyao mbele kanisani: kwamba mtoto mwenyewe ni wake, basi vya mtoto ni vyake pia. Nyanya akamjibu kwamba hata yeye, baba, alikuwa mtoto wake. Je, akamate mbuzi mmoja aondoke naye? Na akainuka kama mtu anayekwenda kufungua kamba. Baba akacheka, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kutoka katika maneno yale. Lakini siku ya soko alirudi kutoka Kalima na tembe mweupe chini ya kwapa. Hakumpa mama, hakumpa nyanya. Alinijia mimi jikoni, akaniuliza, "Huyu nimfunge wapi?" Hakuwahi kuniuliza swali lolote la namna hiyo kabla ya siku ile.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, hasa tangu nilipoanza kufundisha na kuwasikia wanafunzi wangu wakieleza kwa nini hawakulipa ada. Si kila mara ni kuku. Mara ni sungura, mara ni mbuzi jike aliyepewa na mjomba wake, mara ni karanga alizozilima katika kona ya shamba la mama. Namna ya mambo ni ileile. Kitu ni cha mtoto kinapohitaji kulishwa, kuchungwa, kuamkiwa usiku na mvua. Kikishanenepa kinakuwa cha nyumba. Nyumbani kwetu tulikuwa na utani juu ya hilo: kifaranga wa mtoto, jogoo wa baba. Tulicheka, na utani unaochekwa sana mara nyingi ni shauri lisilopata hakimu.

Na katika nchi yetu ya Maniema shauri hili lina umri mkubwa. Mto Lualaba, juu ya Kindu upande wa Kasongo, kuna mahali paitwapo Nyangwe. Mwaka 1871 palikuwa na soko lililojulikana kote, nao waliokuja hapo walikuwa hasa wanawake, wakivuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, mihogo, chumvi, vyungu na kuku. David Livingstone, yule Mskochi msafiri, alikuwa akikaa hapo miezi ile, akitafuta mtumbwi bila kuupata, na alipenda kwenda sokoni kutazama. Tarehe 15 Julai aliingia akakuta watu kama 1,500. Akaona jambo lililomshangaza: watu watatu wa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Dugumbe wameingia sokoni na bunduki. Akamwona mmoja wao akibishania bei ya kuku na kumshika kuku huyo kwa nguvu. Alikuwa anaondoka zake wakati bunduki mbili zilipolia katikati ya umati. Wengi waliuawa pale, wengi zaidi walizama walipojitupa mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuandika kwamba kuku ndiye chanzo, nami sitaki kuongeza kitu ambacho hakukisema. Mauaji yale yalikuwa na sababu zake katika biashara ya pembe na watumwa. Lakini ninaposoma habari hiyo, jicho langu hubaki kwa mwanamke yule ambaye jina lake halikuandikwa, aliyeamka alfajiri, akamfunga kuku wake, akavuka mto, akataja bei.

Baada ya misafara hiyo, iliyotuachia pia mpunga na lugha hii ninayowaandikia, ilikuja serikali ya Mfalme Leopold, na vijiji vingi vya Kongo vilitakiwa kupeleka kuku na mbuzi kwenye vituo vya wazungu pamoja na mpira. Baadaye, katika miaka ya vita vya 1998 hadi 2003, watu wenye silaha wa kila upande walipita katika vijiji vyetu, na kila aliyepita alikuwa na njaa. Tulikaa msituni miezi mingi. Waliokuwa na majogoo waliwachinja usiku wa kwanza, kwa sababu jogoo hajui kunyamaza na sauti yake huenda mbali kuliko moshi. Tuliporudi kijijini, kilichonishtua kuliko nyumba zilizoungua kilikuwa asubuhi. Kulikucha kimya. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla ya kusikia jogoo akiwika, na alikuwa wa mjane mmoja aliyepewa tembe wawili na ndugu zake wa ng'ambo ya Elila, kwa masharti yaleyale ya nusu kwa nusu. Karibu kuku wote wa kijiji leo ni uzao wa wale wawili.

Basi mtu atauliza: mwalimu, unamlinganisha baba yako na wenye bunduki wa Nyangwe? Hapana. Baba yangu alikuwa mwema, na sababu yake ilikuwa njema. Ukarimu si jambo dogo kwetu. Mtu aliyetembea siku mbili akilala bila kula kitoweo kwako, aibu hiyo watoto wako wataikuta njiani. Sitaki mlelewe mkawa watu wa kufunga milango na kuhesabu vipande. Nasema tu kwamba mkono unaokamata ni mkono unaokamata, uwe wa askari au wa baba, na kuku anapokamatwa husikia jambo moja tu. Tena mwenye bunduki tunamwona. Huyu mwingine hatumwoni, kwa kuwa anakamata kwa ajili ya mgeni.

Maandiko Matakatifu yanajua jambo hili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamsimulia Mfalme Daudi habari za maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja, aliyekula chakula chake na kunywa katika kikombe chake na kulala kifuani pake. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, na yote yalikimbilia haraka habari ya Batsheba na Uria. Ni haki, maana huko ndiko Nathani alikokuwa anakwenda. Lakini someni polepole. Kwa nini yule tajiri alimchukua mwanakondoo wa maskini? Si kwa njaa yake, wala kwa chuki. Alifikiwa na mgeni. Alitaka kuwa mkarimu, naye akaona uchungu kugusa kundi lake mwenyewe. Nathani angeweza kutunga mfano wa mwizi wa usiku, na Daudi angekasirika vilevile. Akachagua mwenyeji mkarimu.

Vijana wa parokia moja waliniuliza, tulipozungumza habari hizi: kama ungeulizwa, ungekubali? Ningekubali jogoo. Nilikuwa tayari hata kumkimbiza mwenyewe. Kulikuwa na jogoo wawili wa kaka zangu, wakubwa, wasio na kazi ila kupigana, na mmoja angetosha sahani ile. Au ningeomba tungoje siku nne. Mtoto akiulizwa huleta shauri, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua kuku: yupi anataga, yupi ameacha, yupi ni mgonjwa. Baba mwenye busara hupata hapo faida mbili, mgeni anakula na kiota hakivunjwi. Msichana mmoja katika kikundi hicho akasema kwamba kwao wanauliza, lakini wanauliza kuku akiwa ameshashikwa miguu. Wote walicheka, naye hakucheka.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kuona jambo hili likigeuka kidogo, na liligeuzwa na ugonjwa. Kila mwaka, miezi ya Juni na Julai mvua inapopungua, kuku wetu hufa. Mabawa yanashuka, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo zinapinda kama zimenyongwa, na katika siku chache kibanda kinakuwa kitupu. Tanzania wanauita mdondo au kideri. Wataalamu wanauita kwa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, kwa kuwa ulitambuliwa karibu na huko mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana katika kisiwa cha Java. Kwetu watu walisema ni uchawi, au ni wivu wa fulani. Dawa ya kumponya aliyeugua haipo. Ipo chanjo: tone moja katika jicho la kuku aliye mzima, na kurudia kila baada ya miezi minne. Iko ya aina inayostahimili joto kuliko nyingine, na kwa kijiji kisicho na umeme hilo ni jambo kubwa.

Shida ni chupa. Chupa moja hutosha kuku mamia, na ikishafunguliwa haikai. Hakuna lupango moja lenye kuku mia. Kwa hiyo ama kijiji kizima kinakubaliana asubuhi moja, ama dawa inamwagwa. Vijana wa shirika letu waliamua kulisimamia. Dawa ilitoka Kindu kwa pikipiki, katika chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kitambaa cha maji. Walipita nyumba kwa nyumba kabla ya mapambazuko, kuku wakiwa bado vibandani, mmoja akishika, mmoja akitia tone na kungoja kuku apepese jicho, na wa tatu akiwa na daftari. Bei ilikuwa ndogo, ikilipwa kwa kila kuku, na kwa hiyo ilibidi kuandika kuku ni wa nani.

Sidhani kama waliopanga safu zile za daftari walifikiria zaidi ya hesabu ya fedha. Jina la mwenye kuku, idadi, kiasi kilicholipwa. Lakini katika lupango la tatu mtoto wa kike mwenye miaka tisa hivi alitoka jikoni na sarafu zake zimefungwa katika pindo la kitenge cha mama yake. Alikuwa ameuza mboga. Alitaka kulipia kuku wake wawili yeye mwenyewe. Mwenye daftari akasita. Akasema ataandika jina la baba, kwa kuwa ndilo analolijua. Baba alikuwapo, ameshika taa. Alikuwa na kuku saba, na wawili hao akiwamo mnene kuliko wote.

Mtoto akasema, "Yule wa madoadoa na yule mweusi. Andika yangu."

Kulikuwa bado giza, majogoo wakiitana kutoka kibanda hadi kibanda. Baba aliinamisha taa ili kijana aone karatasi, akamtajia jina la binti yake, na herufi ya mwisho akamrudishia mara mbili kwa kuwa kijana alikuwa ameikosea.

Mwaka huu daftari lina majina ya watoto kumi na wanne. Baadhi ya wazee wamelalamika kwamba vijana wa kanisa wanawafundisha watoto kugawa nyumba. Katika malango mawili vijana waliambiwa waandike kuku wote kwa jina moja, nao wakaandika hivyo, maana hawakutumwa kugombana na mtu. Chanjo ijayo itakuwa mwezi wa Novemba, mvua zitakapokuwa zimekaza, na mama mmoja mjane ameomba waanzie kwake, kwa kuwa tembe wake wawili wamewekeshwa na dada yake na angependa hilo nalo liandikwe.